Pengo la Flora

Jumatatu ile ya Novemba Netta Pettigrew aliamka kabla ya mwenye nyumba, akachochea moto, akaweka pasi mbili jikoni ili moja ikipoa ashike ya pili. Shati la mumewe lilikuwa la kifua kigumu, lile linalotiwa wanga mpaka linasimama lenyewe kama ubao. Netta alikuwa ameshonea waimbaji mavazi miaka tisa, na kazi hiyo hakumwachia mtu mwingine. Alinyoosha kifua, akanyoosha ukosi, akakagua vifungo kimoja kimoja. Moyo ulimdunda kama wa bibi harusi.

"Niamke?" Struan aliuliza kutoka kitandani. "Wamesema mazoezi na bendi ni saa nne."

"Lala, mume wangu. Saa nne ni ya watu wa sarakasi na mbwa wao. Tenori mkuu akiwahi, watamdhani wa safu ya nyuma."

Wala hakuwa akimdanganya. Katika Kampuni ya Opera ya Mackellar ndivyo ilivyokuwa. Kiongozi wa bendi alianza na kwaya, akaja kwa wenye sehemu ndogo, na tenori alifika kwa raha zake, skafu shingoni, akakuta karatasi zake za muziki zimeshawekwa mahali pake na mzee mmoja ambaye hakuwa na kazi nyingine duniani. Miaka kumi na mmoja Struan aliishi hivyo. Alianza mdogo, kwaya ya kanisa kule Kirkcaldy, kisha kwaya ya kiwanda, mpaka Mackellar mwenyewe alipomsikia kwenye mashindano akasema, "Huyu nampeleka." Basi akapelekwa. Kutoka Inverness hadi Plymouth aliimba michezo ile myepesi ya mapenzi na vichekesho: leo mwanamfalme, kesho askari, na kila Jumamosi yule mpenzi wa Flora katika *Binti wa Kivuko*. Wanawake walimtupia maua jukwaani. Netta aliyaokota, akayaweka kwenye birika la maji.

Kisha zikaja sinema za kusema, na majumba yakaanza kutundika kitambaa cheupe, moja baada ya jingine. Kampuni ilikufa Dundee, Jumamosi moja ya masika. Siku ile kila mtu alichukua cha ukumbusho. Mwenye sauti ya besi alichukua upanga, Flora akachukua wigi lake, na Struan akachukua bahasha ya karatasi za bendi za wimbo wake na Flora, ule wa kuitana kivukoni.

Miezi saba tangu siku hiyo aliimba mazishi manne na harusi moja. Sasa alikuwa amepata wiki moja Glasgow, jumba la Alba. Alba hapakuwa na opera. Palikuwa na maonyesho mchanganyiko: mtu wa kuzungusha sahani, kisha mwimbaji, kisha mchekeshaji, zamu mbili kila jioni, kila mtu na dakika zake kumi na mbili. Meneja wake, Bwana Haddow, alikuwa na sheria iliyojulikana Uskoti nzima: anayekufa jukwaani Jumatatu, yaani watu wakimkataa, Jumanne asubuhi yuko stesheni.

Na upande wa pili alikuwepo Erskine, kaka yake Netta, msimamizi wa kiwanda cha linoliamu ya kutandika sakafuni kule Kirkcaldy. Alikuwa amemwekea shemeji yake nafasi kwenye chumba cha kuchemshia mafuta, lakini mpaka Jumanne saa sita mchana tu. "Kazi ya kudumu," aliandika katika barua, akaipigia mstari mara mbili. Struan aliisoma barua, akaikunja vizuri, akasema, "Glasgow wakinikataa, nakwenda kwa Erskine. Na sitaimba tena, Netta, hata wakati wa kunyoa ndevu. Sitaki kuwa yule mtu wa kusimulia watu alivyokuwa zamani."

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililomtisha Netta.

Walifika Alba saa nne na nusu, Struan amenyooka, skafu shingoni. Jukwaa lilikuwa baridi, limejaa watu waliovaa makoti. Mbwa sita weupe walikaa mstari mmoja kama watoto wa shule. Pembezoni mwa jukwaa, mbele kabisa ya taa, kulikuwa na mafungu ya karatasi za muziki yamelazwa sakafuni, fungu baada ya fungu. Chini, kwenye shimo la bendi, alikaa kiongozi, Bwana Quigley, mtu mwenye kipara na penseli sikioni.

Struan aliinama kwa adabu, akamnyooshea bahasha. "Habari za asubuhi, maestro."

"Maestro!" mpiga tarumbeta akacheka. "Quigley, umepandishwa cheo!"

"Weka chini, mwanangu," Quigley akasema bila kuinua macho.

"Chini wapi?"

"Kwenye foleni. Kule mwisho, baada ya mbwa."

Hapo bendi ikaanza kupiga. Ulikuwa wimbo wa *Mlango Hauna Komeo*, ule uliokuwa ukiliza watu Uskoti nzima mwaka ule, wa mama anayemngoja mwanawe aliyekwenda ng'ambo. Na ndio wimbo ambao Struan alikuwa ameuandaa kufungia onyesho lake. Aliyekuwa akiimba sasa, sauti ya chini kama kengele ya kanisani, alikuwa mwanamke mnene mwenye kofia ya manyoya, Ruby Lorimer, mwenye miaka thelathini jukwaani.

Alipomaliza Struan alimwendea. "Samahani, mama. Huo wimbo ni wangu pia."

"Basi pole, mpenzi. Karatasi zangu zipo hapo chini tangu saa mbili na robo."

"Zipo chini?"

Ruby alimtazama, akaitazama skafu, akaelewa. "Loo! Wewe ni wa opera. Sikiliza, kipenzi. Hapa hatuulizani nani mkubwa. Anayelaza karatasi zake kwanza mbele ya taa ndiye anayefanya mazoezi kwanza, na wimbo ni wake wiki nzima. Hata angekuja mfalme, angeukuta umekwenda. Mimi nilishawahi kulala mlangoni, Paisley, kwa ajili ya wimbo mmoja wa kipumbavu wa kasuku."

Netta alitamani sakafu immeze. "Mimi ndiye niliyemlaza kitandani," alisema.

"Ulinilaza, nami nikalala," Struan akajibu. "Tusigombane mbele ya mbwa."

Zamu ya Struan ilipofika Quigley akapekua bahasha yake, akagonga fimbo. "Una nini kingine, mwanangu? Hizo nyimbo zako mbili fupi za kuanzia ni sawa, kila bibi anazijua. Lakini unafunga na nini?"

Nyimbo nyingine zote alizokuwa nazo zilikuwa za piano tu, na bendi ile ilikuwa na watu kumi na mmoja. Nani angewaandikia kabla ya jioni? Struan alipekua mkoba mpaka chini kabisa, akatoa bahasha ya ukumbusho. Quigley alifungua, akasoma, penseli ikatoka sikioni.

"Huu ni wa watu wawili. Mwanamke yuko wapi?"

"Hayupo."

Wote wakamtazama Netta. "Mimi mshonaji," Netta akasema upesi. "Nikiimba, watu wanadhani kuku amekanyagwa."

"Violini ipige sehemu ya Flora," Struan akasema. "Mimi nitamwita, violini itajibu. Watu watamwona Flora kwa akili zao."

Quigley akakuna kipara. "Mapengo mawili, kila moja urefu wa kunywa kikombe cha chai. Mwanangu, nakwambia kama baba yako: watu wa Glasgow hawaachi pengo wazi. Watalijaza wao."

Saa kumi na mbili na dakika arobaini zamu ya kwanza ilianza. Netta alipanda ngazi mpaka ghorofa ya juu kabisa, kule ambako bei ni ndogo na midomo ni mikubwa, mahali ambapo wenyewe wanapaita Kwa Miungu. Palijaa watu wa bandarini na wasichana wa viwandani, wamekuja moja kwa moja kutoka kazini kwa tramu, yale magari ya reli za barabarani. Moshi wa sigara ulining'inia kama ukungu. Pembeni yake mwanamke mwenye shali alikuwa na mfuko wa konokono wa baharini waliochemshwa, akiwachokoa mmoja mmoja kwa pini ya kofia.

"Karibu mmoja, dada."

"Asante, siwezi kula sasa."

Struan akatoka. Kifua cha shati kilimeta mpaka Kwa Miungu, na Netta akajisifu kimoyomoyo. Nyimbo mbili za kwanza zilipokelewa kwa makofi ya adabu, yale ya kumpigia mchungaji. Kisha Quigley akainua fimbo, na muziki wa mto ukaanza.

"Shuka, Flora, mto umetulia," Struan aliimba, na mkono akaunyoosha juu, vile vile kama alivyofundishwa na Mackellar. Violini ikajibu. Katika opera wakati huu watu wote wangekuwa wanamtazama Flora dirishani. Leo hapakuwa na dirisha. Palikuwa na mwanamume mmoja amenyoosha mkono. Mtu akakohoa. Mwingine akakohoa kumjibu.

Mwanamke wa konokono akaweka pini chini, akakusanya viganja mdomoni.

"Amekosa tramu, mwanangu!"

Kicheko kikapasuka Kwa Miungu, kikashuka ghorofa kwa ghorofa. Netta alitamani kumshindilia konokono wote kooni, na maganda yao. Alimjua mumewe. Mjini Carlisle aliwahi kushuka jukwaani kwa sababu mtu mmoja alipenga kamasi. Aliona masikio yake yakiwa mekundu, hata kutoka kule juu. Akahesabu: violini imebakiza mapigo manne. Matatu.

Struan akashusha mkono. Akatoa saa ya mfukoni, akaitazama, akainua uso.

"Tramu gani, mama?"

"Ya kwenda Partick!"

"Basi nitamngoja. Hiyo haiji peke yake, huja tatu pamoja."

Jumba likalipuka. Wanaume walipiga viti kwa ngumi. Na katikati ya kelele, bila kuteleza hata nusu pigo, Struan aliingia katika ubeti wa pili kwa sauti ile yake safi, laini, iliyopanda kama mvuke wa uji asubuhi, na watu wakanyamaza kama waliozibwa midomo. Pengo la pili lilipofika hakunyoosha mkono. Aliweka mikono kiunoni, akasubiri.

"Mwache huyo!" mwanamume mmoja akapaza sauti. "Nikupe dada yangu!"

"Anajua kupika?"

"Hajui!"

"Hata Flora hajui. Nitabaki na niliyemzoea."

"Mchawi huyu!" mwanamke wa konokono akasema, akifuta machozi kwa shali. "Wamemtoa wapi?"

"Kirkcaldy," Netta akasema, na hakujua kwa nini na yeye analia.

Alishuka ngazi mbili mbili, kofia mkononi. Nyuma ya jukwaa alimkuta Struan anahema, na mbele yake amesimama Bwana Haddow, mtu mfupi mwenye ua jeupe kifuani na uso ambao, watu walisema, haukucheka tangu Vita vya Makaburu.

"Hiyo ya tramu, Pettigrew. Nani alikuandikia?"

"Hakuna, bwana. Ni mama mmoja wa juu."

"Kwa hiyo ni bahati."

"Ni bahati, bwana."

"Mimi siajiri bahati. Mimi nina zamu mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Zamu ya pili wanakuja wenye kofia nzuri, wameshakula, wamekaa na wake zao, na hao hawapigi kelele. Rudia mbele yao ulichofanya, nikupe majira yote ya Krismasi, mpaka Machi. Ukishindwa, treni ya Kirkcaldy ni saa tatu asubuhi, nayo haichelewi."

Alipoondoka Netta akamfuta mumewe jasho kwa leso.

"Mpaka Machi, Struan!"

"Na wasiposema kitu? Nitasimama pale kama kibao cha kuonyesha njia."

"Mwekeni mtu," mwenye mbwa akashauri. "Mpeni bia mbili, apige kelele."

"Thubutu!" Ruby Lorimer akatoa kichwa chumbani mwake, nusu ya uso ina poda. "Watu wa Glasgow wananusa mtu wa kupangwa kama paka anavyonusa samaki. Nimeona mwenzetu akifukuzwa kwa maganda ya machungwa. Liwe la kweli, au lisiwepo."

Saa tatu kasoro dakika kumi Netta alikuwa Kwa Miungu tena. Kweli watu walikuwa wengine kabisa. Hata kule juu walivaa makoti yaliyopigwa brashi. Kulia kwake aliketi mama mmoja wa koti la kahawia aliyenyonya pipi za mnanaa, na baada yake mumewe, amepakata kofia yake nyeusi ya duara kama mtu aliyebeba keki.

Nyimbo mbili zikapita. Makofi ya mchungaji. Muziki wa mto ukaanza.

"Shuka, Flora, mto umetulia."

Violini ikajibu. Struan akasubiri, kidole karibu na mfuko wa saa. Kimya. Akatabasamu kule juu. Kimya. Mtu alikunja karatasi ya pipi taratibu, asije akasumbua. Violini ikamaliza, Struan akaingia ubeti wa pili, na Netta peke yake, katika watu elfu mbili, alisikia kwamba pumzi yake imefupika. Pembeni ya pazia paliangaza kitu cheupe. Lilikuwa ua la Haddow.

Ubeti ukafika mwisho. Pengo la pili likafunguka.

Netta alilelewa katika nyumba ambayo mwanamke hakupandisha sauti hata moto ukiwaka. Hakuwa amepanga neno. Alichokuwa nacho kifuani kilikuwa kile kile alichoamka nacho na kulala nacho miezi saba, na mara akajikuta amesimama, amekamata chuma cha ukingo kwa mikono miwili, na kuku aliyekanyagwa akalia kwa nguvu zake zote:

"Flora asishuke kwanza! Muulizeni huyo, ana kazi ya kudumu?"

Watu elfu mbili waligeuka.

"Shh! Aibu!" mama wa pipi akamvuta koti. "Mwanamke mzima! Mwache kijana wa watu aimbe!"

Struan aliinua uso. Netta aliona amemtambua. Kwa kitambo kidogo hakuwa mpenzi wa Flora wala tenori wa mtu yeyote, alikuwa mumewe tu, yule wa kukunja barua ya Erskine vizuri. Violini ilikuwa inamalizika. Akasogea mpaka kwenye taa.

"Mama," alisema, pole pole, "umeniuliza jambo ambalo hata mimi silijui. Kamuulize Bwana Haddow. Amejificha pale, nyuma ya pazia."

Hakuna mtu Glasgow asiyemjua Haddow. Kicheko kilianzia viti vya mbele, kwa wenye lulu, kikapanda juu. Quigley alikuwa mjanja, akanong'ona "Rudieni!" na violini ikaanza pengo upya. Ndipo mume wa mama wa pipi, yule mpole, akainuka na kofia yake ya duara hewani.

"Mpe kazi, Haddow!"

"Alistair! Kaa chini!"

"Sikai! Mpe kazi!"

Wengine wakadakia. "Mpe kazi! Mpe kazi!" Miguu ikaanza kupiga sakafu, Kwa Miungu kukatetemeka, vumbi likadondoka juu ya kofia za chini. Quigley alirudia pengo mara ya tatu, mara ya nne, jasho likimeta kiparani. Struan alikuwa amegeukia pazia, mkono ameunyoosha, ule mkono wa Flora, na safari hii hapakuwa na mtu asiyejua ananyooshewa nani.

Haddow akatoka. Hatua mbili tu, kwenye mwanga, uso kama jiwe la kaburi. Akalitazama jumba zima, kutoka viti vya lulu mpaka kule juu. Akamtazama Struan. Akatikisa kichwa mara moja kukubali, akarudi gizani.

Kelele iliyofuata Netta hakuwahi kuisikia hata katika miaka ya maua. Na juu ya kelele ile ile, kabla haijafa, Struan alianza ubeti wa mwisho, akaupeleka mpaka kwenye noti ile ya juu kabisa, ambayo Kirkcaldy isingeipata tena, akaishikilia na kuishikilia mpaka mpiga tarumbeta akasahau kupuliza.

Mama wa pipi alimgeukia Netta, macho yamelowa, lakini hasira haijaisha. "Umeona? Ulitaka kumharibia mtoto wa watu riziki, Mungu akamwokoa."

"Kweli, mama. Nisamehe."

"Sauti kama ile! Ana mke?"

"Anaye."

"Basi mkewe apige magoti ashukuru. Na angekuwa na mdomo kama wako, kijana asingefika popote. Haya, chukua pipi, uzibe."

Netta alipokea pipi, akaitia mdomoni, akasimama pamoja na Alistair kupiga makofi, maana Struan alikuwa anaitwa tena jukwaani, na mshono wa glavu ya kulia ya Netta ulikuwa umeshafumuka wote.